Mafuta ya Cherehani Kuukuu



Wengi wetu tunayo nyumbani cherehani ya zamani, ile nyeusi ya chuma, ya kukanyaga kwa mguu au kuzungusha kwa mkono. Mshahara ukichelewa, ndiyo inayonunua unga. Ikikwama, si jambo dogo.

Mara nyingi iliyokwama haijavunjika, bali imetiwa mafuta yasiyofaa. Mwenzetu mmoja, mchuma chai, alitia mafuta ya kupikia kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Mwanzoni mashine ilikwenda vizuri. Baada ya miezi ikawa nzito, mwishowe gurudumu likagoma kabisa. Mafuta ya alizeti au ya pamba yakikaa hewani hugeuka polepole kuwa kama gundi. Ya nazi na ya mawese huganda asubuhi ya baridi.

Mafuta ya injini nayo ni mazito mno kwa mashine ndogo. Yaliyokwisha kutumika ni mabaya zaidi: yana masizi na chembe za chuma zinazosaga vyuma, tena huacha doa kwenye nguo. Katika kiwanda kimoja tulichofanya kazi, msimamizi aliamuru mafuta ya namna hiyo yatumike ili kupunguza gharama, kisha madoa yakakatwa katika mishahara ya washonaji! Sisi tunasema mafuta ya mashine ya kiwanda ni juu ya mwajiri, na doa lake pia.

Yanayofaa ni mafuta ya cherehani yenyewe, yatokanayo na petroli ghafi: mepesi, meupe kama maji, yasiyo na harufu kali. Sokoni huuzwa hata katika chupa zisizo na jina. Yakinuka mafuta ya taa, yaache. Ukiyanunua, dondosha tone juu ya kioo, ungoje wiki mbili tatu. Yakinata, usiyatie.

Mashine iliyokwisha kushikana itie mafuta ya taa kidogo kila penye kiungo, mbali na moto, uizungushe taratibu na kufuta uchafu wa kahawia mpaka uishe. Hapo usilale. Mafuta ya taa huyeyusha gundi lakini hayalainishi, na chuma kilichoachwa hivyo hushika kutu. Tia mafuta ya cherehani siku hiyo hiyo, tone moja kila tundu na kila chuma kinaposuguana na chuma, pamoja na chini penye bobini baada ya kuondoa vumbi la nyuzi. Viungo vya kanyagio visisahauliwe. Mkanda wa ngozi na kile kipete cha mpira cha kujazia bobini visiguswe na mafuta. Maua ya dhahabu usiyafute kwa spiriti, yatatoka.

Vitabu vya zamani vya Singer viliagiza mashine inayoshona kutwa itiwe mafuta kila siku. Ukimaliza, shona kwanza kitambaa kibovu, mpaka uzi utoke safi.