Mkanda wa Kifundo na Hofu ya Msuli Kulala

Katika viwanja vya Shinyanga, ambako udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na katika vile vya changarawe kule Geita, kuteguka kifundo cha mguu si jambo geni. Hata hivyo wako wachezaji wanaoukataa mkanda wa kukaza kifundo, wakihofu kwamba msuli utazoea kusaidiwa na hatimaye kudhoofika.

Msuli wenyewe umelala ubavuni mwa muundi, upande wa nje, nao huzuia wayo usipindukie ndani. Wayo ukipinduka ghafla, msuli huitika baada ya milisekunde 60 hadi 90 hivi. Aghalabu kano zimekwisha kuvutika. Mkanda haungoji amri ya neva.

Mwaka 2000 Cordova na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba majuma 8 ya kuvaa mkanda hayakuuchelewesha msuli huo. Mwaka 2011 uchunguzi wa wachezaji 1,460 wa mpira wa kikapu, wanafunzi wa sekondari nchini humo, ulikuta majeraha ya kifundo yamepungua kwa takriban theluthi mbili miongoni mwa waliovaa, ingawa ukali wa yale yaliyotokea haukupungua.

Majuma 8 ni muda mfupi, na waliopimwa na Cordova walikuwa na vifundo vizima. Kwa hiyo aliyekwisha kuteguka na avae mkanda uwanjani, na nyumbani ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, kisha amefumba.