Kiwanja cha Ndege za Vita Mafia na Njaa ya Mtunya

Tukitaja vita vya angani fikra zetu hukimbilia Ulaya. Hata hivyo, kimojawapo cha vituo vya awali vya ndege za kivita katika nchi yetu kilikuwa kisiwani Mafia, na habari zake zinafika mpaka huku kwetu Ugogo.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Mikoko iliifunika isionekane kutoka baharini. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na kikosi cha ndege cha jeshi lao la majini kikaweka kituo huko. Ndege za kutua majini hazikufaa, kwani joto na unyevu viliilegeza gundi iliyoziunga. Zikaletwa ndege za magurudumu, ambazo zilihitaji ardhi iliyofyekwa na kusawazishwa.

Kazi yao kubwa ilikuwa kuona. Tarehe 11 Julai 1915 John Cull alirusha ndege juu ya delta, naye Harwood Arnold akiziarifu meli Severn na Mersey kwa simu ya upepo mahali makombora yao yalipoangukia. Ndege ikapigwa. Hata ilipokuwa ikishuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma maelekezo. Wote wawili waliokoka. Königsberg iliharibiwa siku hiyohiyo, na nahodha wake Max Looff akaamuru ilipuliwe.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 na kuikokota nchi kavu kwa nguvu za watu; mmojawapo ulinguruma Kondoa mwaka 1916. Mwishoni mwa Julai mwaka huo Waingereza wakaingia Dodoma. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920.

Majina ya Cull na Arnold tunayo. Ya wapagazi, machache mno: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Novemba tunawaombea marehemu. Familia inayomkumbuka babu aliyechukuliwa upagazi na asirudi, ilete jina lake parokiani liandikwe, hata kama ni la Kigogo tu, bila la ubatizo.