Poliamini: Jina lisitupoteze, tutazame kazi yake

Neno 'poliamini' humhadaa msemaji wa Kiswahili. Sikio hukimbilia 'kuamini', kisha 'imani', na mtu akaanza kutafuta dini ndani ya baiolojia. Hamna. 'Amini' hapa imetokana na amonia, nayo 'poli' ni Kigiriki chenye maana ya 'nyingi'. Poliamini, basi, ni molekuli ndogo yenye makundi kadhaa ya amini. Putresini inayo mawili, spemidini matatu, spemini manne.

Majina haya nayo yana hila yake. Putresini imeitwa hivyo kutokana na neno la Kilatini la kuoza, kwa kuwa ilitambuliwa katika vitu vilivyooza. Spemini ilionekana kwanza katika shahawa. Majina yanatuambia zilikookotwa, sio kazi zinayofanya. Ukweli ni kwamba zimo katika seli zetu zote, na katika mimea pia.

Hebu tuzitazame kwenye mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, kisha baada ya wiki moja au mbili hurudi akakuta machipukizi mengine. Ncha hiyo changa imejaa seli zinazogawanyika, na seli haigawanyiki bila kuunda protini mpya. Ndiyo maana tishu zinazokua kwa kasi, za mmea au za mtu, kwa kawaida huwa na poliamini nyingi kuliko tishu zilizokomaa.

Zinasaidiaje? Protini huundwa na mtambo mdogo uitwao ribosomu, ambao husoma maagizo yaliyobebwa na RNA na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. RNA ina chaji hasi, kwa hiyo sehemu zake husukumana. Poliamini zina chaji chanya. Zinapoishika RNA hupunguza msukumano huo, ikakunjika ipasavyo, na vipande vya ribosomu vikakaa pamoja.

Spemidini ina kazi nyingine ya pekee. Hutoa sehemu yake ili kuigeuza asidi amino moja katika protini iitwayo eIF5A, na kinachopatikana huitwa haipusini. Ribosomu ikikwama, hasa pale ambapo asidi amino ya prolini inafuatana mara kadhaa, eIF5A yenye haipusini huikwamua. Bila spemidini, protini kadhaa zingeishia njiani.

Hapo ndipo tiba inapoingia. Vimelea vya malale, vinavyoenezwa na mbung'o, navyo vinahitaji poliamini. Dawa ya eflonithini huzuia kimeng'enya kinachotengeneza putresini, na vimelea vikashindwa kuongezeka. Marekani iliiidhinisha mwaka 1990 kwa malale ya aina ya gambiense, ambayo hupatikana pia kaskazini magharibi mwa Uganda. Kwa aina ya rhodesiense, ya upande wetu wa mashariki, haikufaa.

Saratani nayo ni ukuaji, ila ukuaji uliokosa breki. Uvimbe mwingi wa saratani hutengeneza poliamini kupita kiasi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa hiyohiyo kwa wagonjwa wa neuroblastoma, saratani ya watoto, walio katika hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Bomet, ambako hospitali ya Tenwek imetibu wagonjwa wengi wa saratani ya umio kwa miaka mingi, habari hii haiwezi kupita kimyakimya. Lakini tuelewane: haina maana kwamba eflonithini hutibu saratani ya umio.

Vilevile, ukiuziwa vidonge vya spemidini eti vinarudisha ujana, kumbuka kwamba seli hujitengenezea poliamini, na nyingine hutoka katika vyakula kama maharagwe na uyoga. Kilicho muhimu ni kiasi. Zikipungua mno, seli haikui. Zikizidi, zinaweza kuulisha uvimbe.

Kwa hiyo, wanaotafsiri sayansi wasitosheke kuongeza irabu mwishoni mwa neno la kigeni na kudhani kazi imekwisha. Mgonjwa aliyetoka Sotik au Litein akiambiwa 'poliamini' bila maelezo, atarudi nyumbani na sauti tu. Akielezwa kwamba ni molekuli zinazosaidia seli kuunda protini na kukua, ataweza kumuuliza daktari swali la maana.