Kuufunza Ubongo: Bao, Kujipima na Utulivu

Tuseme wewe ni mtahiniwa wa Kidato cha Nne huko Msangano, Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Jioni umetoka kwenye shamba la mpunga, umekula, umewasha taa ya sola na kufungua daftari la Jiografia. Unasoma mada ya Bonde la Ufa mara tatu. Kila unaporudia, maneno yanazidi kuwa mepesi, nawe unakwenda kulala ukiamini mada imeingia. Wiki moja baadaye mwalimu anauliza bonde hilo lilitokeaje, na kichwa kinakuwa kitupu.

Usikimbilie kusema huna akili. Jioni ile ulifanya zoezi la kuyatambua maneno yaliyo mbele ya macho yako. Mtihani unadai uyatoe kichwani wakati hayapo. Hizo ni kazi mbili tofauti, na ubongo hujifunza ile inayofanyishwa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Hiyo ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nguvu tunayoipata katika chakula (ndiyo maana kusoma na njaa ni kujitesa bure). Una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana taarifa kupitia maungio yaitwayo sinapsi. Sinapsi inayotumika mara kwa mara huimarika, isiyotumika hudhoofika. Mwaka 2000, Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva wa teksi wa London, watu wanaolazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na waliofanya kazi hiyo miaka mingi zaidi walikuwa nayo kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye bao, maana wengi husikia kwamba michezo hukuza akili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Katika hatua ya kunamua, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kete moja ikitua vizuri inaweza kuanzisha mzunguko mrefu, na bingwa huona mwisho wake kabla hajagusa shimo. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya umahiri wao. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao.

Bingwa anawezaje? Jibu zuri limetoka kwenye sataranji. Mwaka 1973, William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde 5 tu, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Mpangilio ulipotoka katika mchezo halisi, bingwa aliwaacha wengine mbali. Vipande vilipotawanywa ovyo, ubingwa wake haukumsaidia kitu. Kumbe hakuwa na kumbukumbu ya ajabu; alizoea kuona vipande kwa mafungu yenye maana.

Hapo kuna somo mbili kwako. La kwanza: mchezo hukufanya hodari wa mchezo huohuo. Mwaka 2010 matokeo ya jaribio la Adrian Owen na wenzake yalichapishwa: watu 11,430 walicheza michezo ya kompyuta ya “kunoa ubongo” kwa wiki sita. Walipanda katika michezo waliyoicheza, lakini uwezo huo haukuhamia kwenye majaribio mengine ya akili. Kwa hiyo cheza bao upumzike na ufurahie wenzako, lakini usijidanganye kwamba dakika za bao, au za programu ya simu, zimehesabiwa kama dakika za Kemia.

La pili lina faida kubwa zaidi: soma kwa mafungu. Rudi kwenye Bonde la Ufa. Ukikariri mistari 10 iliyotengana, utaipoteza mmojammoja. Shika chanzo kimoja: nguvu za mvutano zilivuta gamba la dunia pande mbili, ikatokea mipasuko, na eneo la katikati likadidimia. Mengine yafuate hapo. Pande mbili zilizobaki juu ni kingo za bonde. Maji yaliyokusanyika katika sehemu zilizodidimia ni maziwa kama Rukwa, Tanganyika na Nyasa. Mipasuko iliyopitisha joto na magma ndiyo asili ya chemchemi za maji moto za bonde la Songwe na ya mlima wa volkano kama Rungwe. Wewe wa Msangano unaishi ndani ya jibu la swali hili. Toka nje, tazama kingo za bonde, utaje kilichotokea.

Kisha ujipime. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilisoma vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, halafu likajaribu mara tatu kuandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Mtihani wako hauji baada ya dakika 5.

Basi soma mada mara moja kwa makini, funga daftari, andika unachokumbuka, fungua usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Zoezi hili linachosha na mwanzoni linavunja moyo, kwa sababu linakuonyesha usichokijua. Afadhali ukione Julai kuliko Novemba. Na ulale: usingizini ubongo huendelea kuimarisha uliyojifunza, hivyo kukesha mkesha wa mtihani ni hasara.

Tafakuri ya utulivu inaingia wapi? Haiongezi maarifa ambayo hukuyasoma. Kazi yake ni kurudisha akili inayozurura. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, waliwafundisha wanafunzi tafakuri ya aina hii kwa wiki mbili; mawazo yao yalipungua kuzurura wakati wa kusoma, na alama zao za ufahamu zikapanda. Huhitaji mkeka maalumu wala muziki. Keti wima, fuata pumzi zako, hesabu kila unapotoa pumzi, 1 hadi 10. Ukijikuta unawaza ada au mechi, usijilaumu. Anza tena 1. Dakika 5 kabla ya kufungua daftari zinatosha. Ukizoea sasa, utaweza kufanya hivyo ukiwa kwenye dawati, karatasi ya maswali ikiwa bado imefunikwa.

Jaribu sasa. Funga kitabu hiki, uandike majibu bila kutazama:

1. Kwa nini bingwa wa sataranji hakufaulu vipande vilipotawanywa ovyo?
2. Eleza kutokea kwa Bonde la Ufa ukianzia na chanzo kimoja, kisha utaje sura tatu za nchi zilizotokana nacho.
3. Kundi lipi liliongoza baada ya dakika 5, na lipi baada ya wiki moja?

Andika tarehe ya leo pembeni mwa majibu yako. Yajibu tena baada ya siku saba, kabla ya kusoma upya sura hii.