Nyayo Zimepimwa, Mama Hajaulizwa

Kati ya mwaka 2010 na 2013, akina mama wa kujitolea katika vijiji vya Mtwara na Lindi walikuwa wakiingia nyumba za wazazi na kadi ngumu yenye mchoro wa wayo wa mtoto mchanga. Mzani hawakuwa nao. Waliuweka wayo wa kichanga juu ya mchoro. Ukiwa mfupi, mtoto ni mdogo: akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na anyonyeshwe mara kwa mara. Ukiwa mfupi mno, safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Mradi huo, Mtunze Mtoto Mchanga, uliendeshwa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London katika wilaya sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na sikuyapenda nilipoyasoma, ingawa nayaheshimu kwa ukweli wake. Walionyonyesha ndani ya saa ya kwanza walifika asilimia 42 palipokuwa na ushauri wa nyumbani, dhidi ya 30 pasipokuwa nao. Vifo vya vichanga havikupungua: takriban 35 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, pande zote mbili.

Jirani wa kujitolea anaweza kukushauri uende hospitali. Atakachokikuta mtoto huko hakiko mikononi mwake. Na kufika kwenyewe si jambo dogo. Anayeishi Shangani ana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula karibu. Aliyeko Msangamkuu, ng'ambo ya maji, anangoja kivuko. Wa Msimbati, kuelekea mdomo wa Ruvuma, ana mchanga wa njiani wa kuhesabu.

Akifika, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 kwa kawaida hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja. Mama hukamua maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, yapitishwe kwenye mpira mwembamba, baadaye kikombe. Huyu ni mwanamke ambaye kidonda chake mwenyewe bado kibichi. Nyumbani watu wanauliza mtoto yuko wapi, na arobaini inahesabiwa bila mtoto. Kuna shangazi atakayetaka kujua alibeba nini kizito, kana kwamba kuzaa njiti, mtoto wa kabla ya wakati, ni kosa la mama.

Hapo ndipo sonona hujipenyeza. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba mama wa njiti hupata sonona na hofu zaidi ya aliyejifungua kwa wakati. Mama aliyezama humo huongea na mtoto kwa nadra, humtazama kidogo, na huchelewa kuitikia kilio chake. Na ubongo wa njiti, ambao ulikuwa umebakiza wiki kadhaa za kukua tumboni, sasa unakulia nje, ukitegemea sauti na mguso huohuo. Kwa hiyo kuwagawa mama na mtoto kuwa mafaili mawili ni kosa la kitabibu, si la kiutu tu.

Ushahidi mzito umetoka kwetu kwa sehemu. Huduma ya kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, lakini kwa muda mrefu njiti walisubiri hali itulie kwanza. Jaribio la Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, liliwaweka kifuani mara baada ya kuzaliwa, na kitanda cha mama kikaingia chumba cha wagonjwa mahututi. Kati ya watoto 3,211, vifo vilikuwa asilimia 12 badala ya 15.7. Mama aliacha kuwa mgeni anayechungulia dirishani.

Kumuuliza mama hali yake hakuhitaji mashine. Kuna dodoso la maswali kumi, lililobuniwa Uskoti mwaka 1987, na limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Nchini Pakistani, wahudumu wa afya vijijini wasio na shahada yoyote walifundishwa mazungumzo ya tiba: baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wengine. Januari 2024 Serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Maswali hayo kumi yangeingia katika kazi yao bila kuongeza mzigo mkubwa.

Mwaka 2025 sheria za kazi zilibadilishwa ili likizo ya mama wa njiti irefushwe. Ushindi huo una mchango mkubwa wa wanaharakati, akiwamo Doris Mollel, aliyezaliwa njiti mwenyewe. Lakini unamhusu mwajiriwa. Anayeokota pweza maji yakikupwa hana mwajiri wa kumwombea ruhusa. Ana mama mkwe, na ana mume ambaye naye ana kifua. Njiti hukaa vizuri kifuani kwa baba pia. Wodi zetu nyingi hazijapanga baba akae wapi.