HOMA NA JOTO LA KAZI: TUSICHANGANYE



Hapa Bujumbura, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na katika bonde lote la Imbo, joto ni kali na mbu ni wengi. Kwa hiyo mwenzetu akianguka kazini, mwili ukiwaka, wengi wetu husema mara moja: "Ni malaria." Tunampa vidonge, tunamfunika blanketi, tunangoja. Pengine hivyo ndivyo tunavyompoteza.

Tufahamu tofauti. Mwili wenye afya una joto la digrii 37 hivi. Katika homa, ubongo wenyewe huamuru joto lipande ili kupigana na vijidudu. Ndiyo sababu mgonjwa wa malaria hutetemeka na kuomba nguo hali jua linawaka. Huyo apelekwe zahanati akapimwe damu, wala asirudishwe kazini kabla ya kupona. Malaria ikicheleweshwa huua.

Joto la kazi ni jambo jingine. Anayesimama mbele ya tanuri, au anayelima saa sita mchana, hutoa jasho ili mwili upoe. Maji yakipungua mwilini, au hewa ikiwa nzito jasho lisikauke, joto hupanda bila amri ya ubongo. Kwanza misuli hukaza, kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu huja. Likifika digrii 40 na kupita, mtu huongea ovyo na kupoteza fahamu. Ubongo, moyo na figo huharibika. Vidonge vya homa havimsaidii. Mtoeni juani upesi, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, huku mwingine akitafuta gari la hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Maji na kivuli si huruma ya msimamizi. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Basi tudai maji safi karibu na kazi, mapumziko kivulini, kazi nzito ifanywe asubuhi, na mgeni aongezewe kazi kidogo kidogo mpaka mwili uzoee.

Wajumbe wa kila kiwanda na kila shamba, andikeni siku, saa na mahali kila mwenzetu alipoanguka. Mbele ya mwajiri, daftari lina nguvu kuliko kelele.