Je, ipo damu inayokataa malaria?

Hapa Sakina baridi ya Mlima Meru hutupunguzia mbu wa malaria. Lakini wengi wetu hushuka Mto wa Mbu na Magugu kufuata mpunga, na baadhi hurudi na homa. Ukiwaambia wakapime, wapo wanaojibu: "Mimi damu yangu ni ngumu, malaria hainiwezi." Neno hili limo midomoni mwa watu wazima wengi, tena hulisema hata juu ya watoto wao. Tulichunguze.

Mbu akikuuma, vijidudu vya malaria huenda kwanza kwenye ini. Hukaa huko kiasi cha wiki moja bila wewe kujisikia lolote. Vikitoka, huingia katika chembe nyekundu za damu. Kila chembe ina utando mwembamba, mfano wa ngozi. Kijidudu huushika utando huo, huusukuma na kuukunja kwa ndani mpaka unakizunguka, kisha unajifunga nyuma yake. Kazi hiyo huchukua kama dakika moja tu! Humo ndani huzaliana, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kumwaga vijidudu vipya.

Chukua tyubu ya baiskeli yenye upepo kidogo, uisukume kwa kidole gumba. Itabonyea na kukumbatia kidole. Sasa ijaze upepo mpaka ikakamae. Kidole hakiingii. Utando wa chembe ni vivyo hivyo: ukiwa umelegea hukunjika kwa urahisi, ukiwa umekazana hukataa. Hata chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, hukunja utando wao zinapomeza vijidudu.

Mwaka 2020 wataalamu wa Kilifi, pwani ya Kenya, pamoja na wenzao wa Cambridge, Uingereza, walitangaza jambo la maana. Wapo watu wanaozaliwa na aina ya damu iitwayo Dantu. Huko Kilifi ni kama mtoto mmoja katika kila kumi. Wataalamu waliangalia kwa darubini vijidudu vikijaribu kuingia, wakaona kwamba utando wa chembe za Dantu umekazana zaidi, na ukipita kiwango fulani kijidudu hushindwa. Hata katika damu ya kawaida zipo chembe chache zilizokazana hivyo, nazo haziingiliki kwa urahisi.

Mtoto aliyerithi Dantu kwa mzazi mmoja hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa asilimia 40 hivi. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili, hadi asilimia 70. Angalia vizuri hapo: imepungua, haikwisha. Tena Dantu haionekani kwa macho, wala haitambuliwi kwa kuugua mara chache, wala zahanati haina kipimo chake. Haihusiani na ulaji wa nyama wala unywaji wa mitishamba, ingawa nimeulizwa hayo mara nyingi.

Wataalamu wanafikiria kutafuta dawa ya kukaza utando kidogo tu. Kwa sasa tunayo dawa mseto. Mwenye homa aliyetoka bondeni apimwe siku hiyo hiyo, na akikutwa na malaria ameze vidonge kwa siku zote tatu, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu au aliyelegea hawezi kunyonya, apelekwe hospitali usiku huo huo, asingoje kukuche.